Pumzi Ndani ya Chupa

Watu wa jengo lile walimwita Mama Chembe, na hawakumwonea. Ukianza naye habari za mvua, kabla hujakunja mwavuli keshafika kwenye chembe. Ukimkaribisha maziwa, atainua glasi kwenye mwanga wa dirisha ayatazame kwanza, ndipo anywe. Ukimtuma dawa ya kikohozi ya mtoto, atakuuliza kama utaitikisa, halafu atakueleza kwa nini chupa imeandikwa uitikise, na mtoto wa watu akohoe wee mpaka somo liishe. Wengine walimkwepa kwenye korido. Mimi simlaumu mtu anayependa kazi yake; wangapi wanaamka asubuhi wakiilaani?

Maabara yake ilikuwa chini kabisa ya jengo, kwenye chumba kilichochimbwa ardhini, maana huko hata lori likipita barabarani meza haitikisiki. Mlangoni yalining'inia mapazia mawili meusi, mazito. Ukiingia unapapasa kama mwizi mpaka macho yazoee giza. Katikati palikuwa na meza ya jiwe, juu yake taa ya leza, chupa ya kioo isiyozidi kidole gumba, na vipokea mwanga vilivyoizunguka chupa nusu duara. Ukiyaweka kando maneno makubwa, kazi yenyewe ni hii. Umewahi kuona jua likipenya tundu la dirisha, vumbi likaonekana linacheza ndani ya ule mwale? Vumbi lilikuwepo muda wote, mwanga ndio umelichongea. Mama Chembe alifanya hivyo hivyo, ila kwa vijipira vya plastiki vidogo kuliko vumbi, vilivyoelea ndani ya mchanganyiko wa vimiminika viwili. Mwanga wa leza ukivigonga hutawanyika. Kitu kidogo huurusha huku na huku, donge kubwa huurusha zaidi kwa mbele. Basi yeye alisoma mwanga ulivyotawanyika, akajua chembe zimefika ukubwa gani bila kuziona hata moja.

Alichotaka kukijua kilikuwa kimoja tu, na alikitaka tangu akiwa msichana wa chuo. Chembe zikiachwa zenyewe, bila kuvutwa wala kusukumwa, zinashikana vipi, na madonge yake yanakua kwa mwendo gani? Alikuwa na hesabu yake juu ya jambo hilo, ameipanga na kuipangua miaka nenda miaka rudi, na aliamini ni sahihi. Usicheke. Swali hilo ndilo linaloamua rangi ya ukutani ikae dukani muda gani kabla haijagandamana chini ya kopo, na ile dawa ya kikohozi nayo ni vivyo hivyo. Ila duniani halijibiki. Donge likikua kidogo tu, uzito unalivuta, linazama, mwanga unapita patupu. Ni kama kusimuliwa hadithi na mtu anayesinzia kila siku mahali pale pale.

Mahali pekee pasipo na kuzama ni huko angani, ndani ya kile kituo kinachoizunguka dunia, ambako maji hayana chini wala juu. Mama Chembe akaanza kuomba nafasi ya chupa yake. Aliomba akiwa na nywele nyeusi. Akaambiwa subiri. Akaambiwa wazo zuri, lakini mwaka huu hapana. Akaambiwa arekebishe, akarekebisha, akaambiwa ya awali ilikuwa bora. Mvi zikaanza, akaendelea kuomba.

Kuna aliyelipia subira hiyo, naye hakuulizwa. Mama Chembe alikuwa na binti mmoja. Baba wa binti aliondoka mapema, akisema hawezi kuishi na mtu anayependa giza namna ile, na binti akalelewa zaidi kwa bibi yake, kwa sababu vipimo vya chembe havijui saa ya kumchukua mtoto shule. Siku za wazazi alikwenda bibi. Alipoumwa alikaa naye bibi. Binti akakua, akapata kazi na nyumba yake, akawa anampigia mama simu na kumsalimia vizuri kama anavyosalimiwa mwalimu mkuu aliyestaafu. Heshima ilikuwepo. Ukaribu ndio haukuwepo, na Mama Chembe aliuona ukosefu wake kila simu ilipokatika mapema.

Nafasi ilikuja alipokuwa amebakiza kidogo kustaafu. Chupa moja tu, safari moja.

Hapa lazima nieleze desturi ya maabara ile, maana mambo yote yalitokea hapo. Kimiminika kikipata joto hutanuka, na chupa iliyojaa pomoni hupasuka. Kwa hiyo mjazaji, akishaijaza chupa kwa sindano, kabla hajaifunga huvuta sindano nyuma unywele mmoja ili ibaki hewa kidogo shingoni. Wenyewe waliita kuiachia pumzi. Mama Chembe alifundishwa na mwalimu wake, na huyo mwalimu alikuwa na mzaha wa kuiambia chupa, "Pumua." Yeye naye akawafundisha wote waliopita mikononi mwake, mzaha ukiwemo, hata huyu aliyekuwa mkurugenzi sasa, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake, tena mvunjaji mkubwa wa vyombo. Kule chini hakuna aliyejaza chupa bila kusema pumua.

Lakini chupa ya angani haitakiwi kuwa na pumzi. Duniani hewa hupanda shingoni ikakaa kimya, haimsumbui mtu. Huko juu hakuna kupanda. Hewa hukaa popote inapotaka, hata katikati ya mwanga. Ndiyo maana chupa ya safari ilitengenezwa na utando wa mpira chini, utando ndio utakaolegea kimiminika kikitanuka. Mama Chembe mwenyewe ndiye aliyewakumbusha vijana asubuhi na jioni: hii hatuiachii pumzi, mmesikia? Hii tunaijaza mpaka mwisho.

Akajaza chupa mbili, moja ya kwenda na pacha wake wa kubaki. Alijaza mwenyewe, hakumwachia mtu. Wakaguzi wakainua chupa ya safari mbele ya taa, wakaigeuza kidogo, wakaona kioo safi, kimiminika cheupe kama maji ya mchele. Shingo ilikuwa imefunikwa na pete ya chuma. Wakamuuliza kama ina hewa. "Haina," akajibu bila kusita, na chupa ikafungwa kwenye sanduku lake.

Roketi ikapaa salama. Huko juu mwanaanga akawasha kijisumaku cha kukorogea ili chembe zitawanyike sawasawa, akakizima, akaiacha chupa itulie, akawasha leza. Namba zikaanza kushuka kwenye kompyuta za kule chini ya jengo. Mama Chembe alizitazama akiwa amesimama, hataki kiti. Mwanzo mwanga ulitawanyika huku na huku, yaani chembe ndogo. Kisha ukaanza kukusanyika kwa mbele. Ukazidi. Madonge yalikuwa yanakua, na hayakuzama, yaliendelea kukua tu. Mchoro kwenye kompyuta ulipinda kwa umbo lile lile la hesabu yake. Mama Chembe alijiziba mdomo kwa viganja akalia, na vijana waliokuwa hawajawahi kumwona akilia nao wakajikuta wanafuta macho.

Kesho yake palikuwa na kikao cha jengo zima. Katika wale waliohudhuria alikuwepo mtafiti mwenzake wa chumba cha pili, bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Ndimu kwa ukali wa ulimi wake. Naye alikuwa na utafiti wake wa matone ya mafuta, naye alikuwa ameomba nafasi ya angani miaka na miaka. Alimsaidia Mama Chembe kuchambua namba, na jina lake lilikuwa liandikwe kwenye makala pamoja na la mama huyo na la mkurugenzi. Ndimu akanyoosha mkono.

"Dada, umbo la mchoro nimeliona. Lakini mbona zinakua upesi kuliko hesabu yako? Tumejiridhisha kwamba ni chembe peke yake?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali ambalo Mama Chembe mwenyewe angemuuliza mwanafunzi yeyote. Lakini alikuwa amesubiri maisha yake yote, na furaha ni kileo kama vileo vingine.

"Kaka," akasema, "huko juu maziwa ya watu yanatulia kwa sababu hakuna ndimu inayoingia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ndimu akatabasamu kwa meno tu, akakaa. Ulimi hauna mfupa, na neno likishatoka haliitiki ukiliita.

Wakaandika makala. Mkurugenzi akaagiza mchoro wa namba zile uchapwe mkubwa, wa rangi, ubandikwe ukumbini pale chini mgeni anapoingilia. Wageni wakaja, wakapiga picha mbele yake. Waandishi wa habari wakaja. Jioni hiyo simu ya Mama Chembe ikalia.

"Mama, nimekuona kwenye televisheni," binti akasema. Halafu hakukata. Waliongea mpaka chai ya Mama Chembe ikapoa, na Jumapili iliyofuata binti akaja kumtembelea bila kuitwa, akataka aelezwe hizo chembe ni nini hasa. Mama mtu akamweleza. Kwa mara ya kwanza mtu hakumkimbia kwenye korido.

Lau hadithi ingeishia hapo, ningekutakia usingizi mwema. Haikuishia hapo.

Chupa ilirudi duniani na mizigo mingine, ikaletwa kule chini ndani ya sanduku lake. Mama Chembe alikuwa peke yake, vijana wamekwenda kula. Akaifungua pete ya chuma ili aisafishe, akaishika chupa mbele ya taa kama alivyoshika glasi zote za maziwa maishani mwake, akaiinamisha.

Kiputo cha hewa, kidogo kama punje ya dengu, kikatoka shingoni kikapita polepole upande wa pili.

Akaiinamisha tena. Kikarudi.

Alikaa chini. Hakuna aliyemwambia, na hakuhitaji kuambiwa. Alikumbuka alivyoijaza ile chupa, alivyomaliza, na alihisi kwenye vidole vyake ule mvuto mdogo wa sindano kurudi nyuma, mvuto aliouvuta maelfu ya mara bila kufikiri. Kichwa kilijua chupa haiachiwi pumzi. Mkono haukuwa na habari. Mazoea yana taabu. Akaichukua chupa pacha iliyobaki duniani, akafungua pete yake, akaiinamisha: safi, haina hewa hata chembe. Hiyo aliijaza ya kwanza, akiwa na hofu. Ya safari aliijaza ya pili, hofu imeshamtoka.

Na kwa nini wakaguzi hawakukiona? Kwa sababu duniani hewa ilipanda ikajificha chini ya pete ya chuma. Kule juu ilitoka. Kijisumaku kikaikoroga pamoja na kimiminika kama mtu anavyopiga yai, ikawa povu, viputo vidogo vidogo visivyo na pa kupanda. Povu duniani hupanda juu likapasuka. Angani hubaki pale pale. Viputo vinagusana, viwili vinakuwa kimoja, vinakua. Na mwanga, masikini, hauulizi kabila. Ukigonga chembe hutawanyika, ukigonga kiputo hutawanyika. Unakuambia ukubwa, haukuambii ni nini.

Hakutaka kuamini, akajaribu. Alichukua chupa ya kawaida, akatia mchanganyiko ule ule, akaacha hewa makusudi, akaikoroga kwa nguvu na kuwasha leza papo hapo, kabla povu halijapanda. Ule muda mfupi ulitosha. Mchoro ukapinda vile vile, tena kwa upesi ule ule alioulizia Ndimu. Umbo lilifanana na la hesabu yake kwa sababu vitu vingi vinavyokua kwa kuungana hufanana kwa mbali. Chembe zake zilikuwemo pia, bila shaka, ila zimefunikwa na povu, hazisikiki.

Hasira aliyokuwa nayo siku ile haikuwa na mtu wa kumwendea. Ungeweza kumkasirikia nani? Mkono wako mwenyewe?

Hata hivyo mlango mmoja ulikuwa bado wazi, na huo ndio aliokwenda kuugonga. Wenzao wa chuo kingine walikuwa wamejiondoa kwenye safari inayofuata, nafasi moja ya chupa ilikuwa haina mwenyewe, na maombi hayakuwa yamefungwa. Nafasi hiyo ilikuwa ya maswali yasiyojibiwa au majaribio yaliyoharibika. Pacha alikuwa tayari, amejaa vizuri, anasubiri. Kilichohitajika ni jengo likiri kwamba jaribio la kwanza liliharibika. Maombi yalipita kwa mkurugenzi. Hakuna njia nyingine.

Akapanda ofisini kwake, akafunga mlango, akamweleza yote, akamwonyesha na ule mchoro wa povu. Mkurugenzi alisikiliza bila kumkatiza. Bado alikuwa na adabu ya mwanafunzi, aliinuka kumvutia kiti.

"Mwalimu," akasema mwishoni, "kwani nani ameuliza?"

"Mimi nauliza."

"Chupa ya pili ikileta jibu lile lile, tutakuwa tumepoteza nafasi ya mwenzetu. Ikileta jingine, tutakuwa tumewadanganya watu."

"Hatukuwadanganya. Tulikosea."

"Nje ya jengo hili nani anajua tofauti? Mwalimu, kule chini kuna vijana walioajiriwa kwa sababu ya picha ile ukutani. Nikisema ni povu, kesho wataulizwa nao ni wa kazi gani."

Mama Chembe akamtazama. "Ulipovunja chupa yangu ya kwanza ukaja mwenyewe kuniambia, nilikufukuza?"

"Hukunifukuza."

"Basi?"

"Ile ilikuwa chupa, Mwalimu," mkurugenzi akasema. Akaangalia meza yake. "Lete sahihi ya Ndimu. Yeye naye ni mwandishi wa ile makala. Akikubali kwa maandishi kwamba ni povu, nami sitakuwa wa kuzuia."

Alijua alichokuwa anasema, mtoto yule. Alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama Chembe akashuka chumba cha pili. Ndimu alikuwa anafuta miwani yake. Akamkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akauchukua mchoro wa povu na kuutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Mbele ya watu wote nilikuuliza, ukanifanya kichekesho. Mpaka leo vijana wakiniletea chai ya maziwa wanaishikilia kidogo, wanacheka."

"Ndiyo maana nimekuja kuomba radhi kwanza, kaka. Nilikukosea. Ulikuwa na haki."

"Radhi nimeipokea," Ndimu akasema. "Sahihi sitoi."

"Lakini unajua ni povu."

"Nilijua tangu siku ile. Ningesema nani angenisikiliza? Ningeitwa hasidi." Akavaa miwani. "Dada, sikufichi. Ile nafasi iliyo wazi nimeiomba mimi. Nikitia sahihi, chupa yako ndiyo itakayopanda na yangu itabaki kabatini. Wewe ulikwenda mara moja. Mimi sijakwenda. Au unadhani miaka yote hii nilikuwa nakaa kwenye giza lile napunga upepo?"

Maneno hayo yalikuwa yale yale Mama Chembe aliyokuwa akijiambia mwenyewe miaka yote. Akachukua karatasi yake akatoka.

Utasema, kwa nini hakupiga kelele? Alipiga, kwa namna wanavyopiga watu wa kazi ile. Aliliandikia jarida lililochapa makala. Jarida likamjibu kwa heshima kwamba sahihisho la namna hiyo linahitaji ridhaa ya waandishi wote watatu. Aliwaandikia watu wa angani. Wakamjibu kwa heshima kwamba wanapokea maombi kupitia kwa mkurugenzi wake. Kila mtu alikuwa na heshima. Sijui kama umewahi kuzuiwa na watu wenye heshima; ni afadhali ukazuiwa na mbwa, mbwa angalau unamrushia jiwe.

Maombi yakafungwa. Nafasi akapewa Ndimu na matone yake ya mafuta. Mama Chembe akaichukua chupa pacha akaiweka kabatini pamoja na nyingine, na muda wa kustaafu ukafika.

Walimfanyia sherehe alasiri, kwenye ukumbi wa kulia chakula, meza zimesukumwa ukutani, soda na keki. Binti alialikwa, akaja amevaa vizuri, akakaa mstari wa mbele, na kila aliyepita kumsalimia alimwambia, "Wewe ndiye mtoto wake? Hongera, una mama." Mkurugenzi akatoa hotuba ndefu. Kisha akafunua zawadi: ule mchoro wa ukumbini, umechapwa upya kwenye karatasi nzuri, umewekwa fremu na kioo.

Mama Chembe akasimama kushukuru. Alishukuru wafagiaji kwanza, halafu vijana wake, halafu akaweka kidole kwenye kioo cha fremu.

"Hii picha mliyonipa," akasema, "si chembe. Ni povu. Niliiachia chupa pumzi kwa mkono wangu huu, nikadhani sikuiachia. Swali langu halijajibiwa. Ningependa mmoja wenu alijue hilo."

Watu wakaacha kutafuna keki. Alidhani wamesikia. Mkurugenzi akainuka upesi akiwa anacheka, akamshika begani.

"Mnaona? Huyu ndiye Mwalimu wetu. Hata siku ya kupewa zawadi yake bado anajikosoa. Nani kati yenu angeweza?"

Watu wakacheka kwa mapenzi, wakapiga makofi. Vijana wakapaza sauti kwa pamoja, "Pumua!" wakidhani ndio mzaha wenyewe, makofi yakazidi. Ndimu naye alipiga makofi, akiwa anaangalia viganja vyake. Mama Chembe alibaki amesimama na mdomo wazi kidogo, na kila alipojaribu kuendelea makofi yalimfunika, mpaka akakaa.

Binti ndiye aliyemrudisha nyumbani. Alibeba picha mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Sebuleni akavua viatu, akapanda kwenye kiti, akaanza kupima ukuta kwa kiganja kutafuta mahali pazuri, mkabala na mlango, ili anayeingia aione kwanza.

"Mama," akasema akiwa amempa mgongo, "nataka nikwambie kitu, na usinikatize. Nilikuwa naichukia ile kazi yako. Nilikuwa mdogo nikiona watoto wengine wanachukuliwa na mama zao, mimi nachukuliwa na bibi, najiambia mama yangu amependa vumbi kuliko mimi. Nilikuwa na hasira nawe mpaka mwaka huu. Leo watu wote wale wanasimama kwa ajili yako. Nimekaa pale nikasema, kumbe kilikuwepo kitu. Kumbe hakuniacha bure."

Mama Chembe alikuwa ameketi, mkoba bado mapajani.

Binti akageuka, bado yuko juu ya kiti, msumari mkononi. "Lakini yale maneno ya povu ni kweli, au ulikuwa unatania? Maana nilikuona usoni, hukucheka."

Mama Chembe akamtazama mwanawe. Alitazama na ule mchoro uliokuwa umeegemezwa ukutani, ule mpindo wake mzuri.

"Utani tu, mama," akasema. "Mzaha wa pale maabara. Ni chembe. Zinakua."

Binti akashusha pumzi, akacheka kwa raha, akagongomea msumari na kuitundika picha. Akashuka, akarudi nyuma kidogo, akauliza kama imekaa sawa. Mama Chembe akasema bado, iinue kidogo upande wa kulia.